Nichore Wapi Njia Isiyopita Kwenye Jengo la Baba?

Shangazi wa ukurasa wa ushauri,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, na majibu yako nayafahamu vizuri ingawa mengi nimeyasoma nusu, kwa sababu mama yangu ni mshonaji na hununua magazeti ya zamani kwa mafungu ili akatie vipimo vya nguo, sasa mara nyingi nakuta umeanza kumgombeza mtu, na papo hapo linaanza tundu la mkono wa gauni, na sijui yule mtu aliishia wapi. Naomba jibu langu nilisome zima.

Shida yangu imeanza na kitu kizuri, ndiyo maana naona haya kuiita shida. Mwalimu wetu wa jiografia alitupa kazi ya kupanga safari ya familia ya wiki moja katika likizo ya kiangazi, safari yenye maumbile na yenye jiji, tuchore ramani, tueleze tutalala wapi, tutaona nini, na kwa nini hiki kitangulie kile. Wenzangu wengine walivuka bahari kwa kalamu. Mimi nilipanga safari ambayo watu wa nyumbani kwetu wangeweza kuisafiri kweli, kwanza jiji anakofanya kazi baba, halafu treni ya kupanda milimani, ambako kuna msitu na korongo na maporomoko ya maji ambayo nimeyaona kwenye picha tu, lakini hata kwenye picha nilijikuta nimeshika meza. Maji yanaanguka kutoka juu sana mpaka hayafiki chini yakiwa maji, yanafika yakiwa moshi. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, "Hii inasafirika," akanirudishia huku ananitazama.

Baba alipokuja mapumziko nikampa aisome. Alivaa miwani ya mama, akakaa kwenye stuli ya cherehani, akafuata njia yangu kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akapaza sauti, "Mama Watoto, njoo uone, kumbe tumezaa wakala wa safari!" Akasema ameweka akiba kidogo na kwamba kiangazi hiki tutaisafiri hii hii, kama ilivyochorwa. Mdogo wangu, ambaye tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, alianza kupiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Mama alikuja na pini mdomoni, akasoma, akafika mahali nilipoandika "Kumtembelea baba kazini", akazitoa pini zote mdomoni.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo ninapopataka mimi. Milima nitaikuta, haihami. Lakini sakafu ya mume wangu nimeisikia miaka yote, nataka niikanyage."

"Mimi nitateleza juu yake!" Redio akasema.

"Utateleza utoke hadi nje," mama akamwambia, "baba yenu anavyoisugua!"

Baba naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na kikohozi ndani.

Shangazi, hapa lazima nieleze. Baba wa mama, yaani babu yangu ambaye sikumkuta, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, na siku moja alianguka, hakufa siku ile, alilala kitandani miaka, na mama akiwa mdogo kuliko Redio ndiye aliyekuwa anampelekea maji ya kunywa na kumshikia kikombe. Kwa hiyo alipoposwa na baba alitaja sharti moja tu, hakutaka mahari kubwa wala nyumba kubwa, alisema, "Mimi nataka mume ambaye miguu yake inakaa chini." Baba wakati huo alikuwa seremala wa samani, akakubali bila kufikiri, nani asingekubali. Na sharti hilo lipo mpaka leo. Balbu ikiungua nyumbani kwetu, baba haruhusiwi kupanda stuli, ninapanda mimi, mama anashika stuli kwa mikono miwili, na baba anasimama pembeni na balbu mpya mkononi akisema, "Taratibu, mwanangu, mama yako ana haki, urefu si mchezo." Redio huwa anamcheka, "Baba anaogopa stuli!" na baba anamjibu, "Naiogopa sana, ile stuli ina macho."

Karakana ya samani ilifungwa nilipokuwa shule ya msingi, ndipo baba akaenda jijini, akapata kazi ya kupiga deki ukumbi wa chini wa jengo moja refu la vioo. Hivyo ndivyo alivyotuambia. Mama akamshonea vitambaa vya magoti, vile vinene vya kujaza sponji na kufunga kwa mikanda nyuma, ili akipiga magoti sakafuni asiumie. Alivishona kwa mabaki ya pazia letu la sebuleni, bluu yenye maua makubwa ya manjano, na kila baba akija mapumziko vinafuliwa, vinaanikwa, vinarudi naye. Siku moja tunafua, mama alivigeuzageuza kwenye beseni, akasema, "Sakafu ya baba yenu ni ya ajabu. Inachakaza kitambaa bila kukichafua." Kisha akavianika na hakusema neno tena.

Sasa nakuambia nilichokiona. Muhula uliopita shule yetu ilipeleka wanafunzi wachache jijini kutazama makumbusho, na mimi nilikuwemo. Baba sikumwambia, nilitaka baada ya makumbusho nimwombe mwalimu dakika chache nimshtukize baba pale ukumbini. Jengo lake nilikuwa nalijua kwa jina. Tulipokata kona nikaliona, na Shangazi, mimi naishi mtaa ambao kitu kirefu kuliko vyote ni nguzo ya umeme. Nilisimama. Mbingu yote ilikuwa imeingia kwenye vioo vya lile jengo, mawingu yalikuwa yanatembea ndani yake, ndege wakipita mbele yake wanakuwa wawili wawili. Na mbele ya mlango, nyuma ya utepe wa kuzuia watu, kulikuwa na jukwaa la chuma lililofungwa kwa kamba za waya zilizopanda juu hadi nikashindwa kuziona, na wanaume wawili wamevaa kofia ngumu wanapakia ndoo za maji. Mmoja alikuwa amenipa mgongo. Akamgeukia mwenzake, akavuta mkanda wa bega la mwenzake mara mbili, akamgonga kofia kidogo kwa kiganja.

Moyo wangu ulijua kabla ya macho. Baba yangu anatufanyia hivyo hivyo tangu aende jijini. Ukiwa unatoka kwenda shule anavuta mkanda wa begi lako mara mbili, anakugonga kichwa kidogo, "Haya, nenda." Mama akienda sokoni, mkanda wa mkoba wake unavutwa mara mbili. Hata Redio akibeba mdoli wake mgongoni kwa khanga, fundo linavutwa mara mbili. Sisi tulidhani ni mapenzi tu. Kisha yule mwanamume akageuka, na magotini kwake nikaona maua ya manjano.

Sikumwita. Niliogopa sauti yangu ingemshtua. Jukwaa likaanza kupanda, nalo linapanda polepole kama mtu anayeinuka baada ya kusali, na baba anapiga mluzi, ule ule anaopiga akinyoa ndevu. Mwanamke aliyekuwa anauza maji ya chupa karibu yangu aliniona nimeachama.

"Ni mara yako ya kwanza kuwaona?" akauliza.

"Ndiyo."

"Yule mwenye maua ni bwana mkubwa wao. Hajawahi kudondosha hata kitambaa. Wageni wote wanafundishwa na yeye, asipokuvuta mikanda hupandi. Wenzake wanamwita Bi Harusi, kwa yale maua." Akacheka. "Eti amewaambia hata wakimcheka hadi jioni, havui."

Baba akapanda, akapanda, mpaka maua hayakuonekana tena, mpaka yeye mwenyewe akawa nukta. Na kwa kuwa mawingu yalikuwa ndani ya vioo, nilichokiona mimi kwa macho yangu ni baba akifuta mawingu. Anapitisha mpira wake wa kufutia vioo mara moja, wingu linakuwa jeupe zaidi. Tumefundishwa shuleni kutofananisha vitu ovyo, lakini sina namna nyingine ya kuandika. Sikuwahi kuona kitu kikubwa namna ile, na katikati yake alikuwa mtu ambaye nyumbani anaogopa stuli. Mwalimu aliniita mara tatu. Nilipanda basi, na hadi tunafika nyumbani sikuweza kula mkate wangu.

Nikanyamaza. Sikumwambia mama, sikumwambia Redio, na Redio ndiye niliyemwogopa zaidi. Hata kile kipande cha kumtembelea baba kazini nilikuwa nimeshakiandika kwenye rasimu kabla ya kwenda makumbusho, niliporudi nikaona nikikifuta mama ataniuliza kwa nini tupite jijini bila kufika kazini kwa baba, nikakiacha. Nadhani nilitumaini baba atasema mwenyewe. Hakusema, akamaliza mapumziko yake akarudi jijini, halafu Jumapili moja akapiga simu.

"Mama yako yupo?"

"Kapeleka gauni kwa mteja."

"Na Redio?"

"Anaruka kamba nje."

"Mwache aruke. Sikiliza, mwanangu, ile ratiba yako. Siku za jiji zipunguze. Tushuke kituoni, tule kitu, tupande treni ya milimani. Jiji ni makelele tu. Mimi nataka wiki nzima nitazame kitu kirefu ambacho hakuna mtu anatakiwa kukiosha."

Nikajikuta nasema, "Baba, nilikuona."

Nilisikia magari upande wake. "Uliniona wapi?"

"Mbele ya jengo. Siku ya makumbusho. Ulikuwa na maua ya mama."

Akauliza, "Uliogopa?"

"Hapana. Nilitaka kupiga makofi."

Akacheka. Akaniambia sakafu haikuwa uongo, alianza na sakafu kweli, halafu wakatafuta watu wa juu, na wa juu wanalipwa vizuri, na mimi nilikuwa naingia sekondari. Alidhani atapanda kwa muhula mmoja tu. "Halafu nikapapenda," akasema, kwa sauti ndogo kama mtoto aliyekutwa jikoni. "Huko juu, mwanangu, asubuhi jua linanifikia mimi kabla ya mtu yeyote wa jiji zima." Kisha akawa baba tena. "Mama yako asijue. Ataumwa. Wewe una akili, panga njia itupitishe mbali na mtaa ule, yeye ataona ni jiografia tu."

Shangazi, nimejaribu. Nimechora upya mara nyingi hadi karatasi imetoboka. Tatizo la kwanza ni kwamba lile jengo linaonekana kutoka kituo cha treni, linaonekana kutoka darajani, linaonekana kutoka kila mahali, hakuna mtaa wa kulikwepa. Tatizo la pili ni mama. Kila jioni anashona nguo zetu za safari, na juzi alinipima bega huku anasema, "Mimi nitavaa viatu vyenye soli laini, nisije nikaikwaruza sakafu ya watu." Nilijifanya nimepaliwa.

Baba nampenda na ameniamini. Mama nampenda na hajui. Nikichora njia anayotaka baba, ramani yangu ya kwanza kusafiriwa na watu itakuwa ya uongo. Nikimwambia mama, nitakuwa nimemvunjia baba siri, na pengine nimevunja nyumba, kwa sababu sharti lilikuwa moja tu. Nimefikiria hata kusema treni zimejaa, tusiende kabisa. Lakini nina tamaa moja, Shangazi, na hii sijamwambia mtu. Natamani mama asimame pale niliposimama mimi, ainue macho. Nataka angalau mtu mmoja mwingine nyumbani kwetu aone.

Tiketi zinatakiwa kukatwa kabla shule hazijafungwa. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mpanga Safari

*

Mpanga Safari,

Marahaba, mwanangu. Nimemwomba mhariri alichape jibu hili katikati kabisa ya ukurasa, mbali na kingo, ili mkasi wa mama yako ukija kulifikia, uwe umelisoma zima.

Nianze na kukugombeza, tumalize. Kufikiria kusema treni zimejaa ni uvivu wa woga. Umekaa juu ya ramani hadi karatasi ikatoboka, halafu unataka kuitupa safari nzima kwa kisingizio cha treni? Na hilo la kutafuta mtaa wa kulikwepa jengo linaloonekana jiji zima, aliyekufundisha jiografia angelia. Jambo likishakuwa refu kiasi hicho halifichwi kwa kalamu ya risasi. Mama yako angeshuka kituoni, angeinua macho kutafuta saa, na mumewe angekuwa amesimama kando yake anamwonyesha njiwa.

Sasa nikupe pole, maana umebeba kisicho chako. Siri ya mume na mke haibebeshwi mtoto. Baba yako hakuwa na ubaya, alibanwa, na mtu aliyebanwa hushika cha karibu, wewe ndiye uliyekuwa karibu na una akili. Lakini kumtii mzazi hakumaanishi kumshikia uongo wake usianguke. Mrudishie. Mwambie kwa adabu, kwa simu hiyo hiyo ya Jumapili, Redio akiwa nje anaruka kamba: "Baba, njia unayoitaka siwezi kuichora. Nyingine yoyote nitaichora." Halafu unyamaze. Usijaze ule ukimya kwa ajili yake. Mama usimwambie wewe, haikuhusu kumwambia. Akikuuliza usoni, jibu moja linatosha, "Mama, hilo muulize baba," na utakuwa hujadanganya mtu.

Wewe baba, kama gazeti hili limekufikia huko juu pamoja na chakula cha mchana, nina neno na wewe. Nimesoma jinsi unavyokagua mikanda ya kila mtu, mwenzako, mkeo, mwanao, hadi mdoli. Umeacha mkanda mmoja tu hujauvuta, ule wa sharti la mkeo. Mwanamke alikuomba jambo moja maishani, na alikuomba kwa sababu alishika kikombe mdomoni mwa baba yake miaka. Wewe ukaona umpe sakafu ya kusadikika, akaishonea. Usiniambie ulikuwa unamlinda. Ulikuwa unajilinda na uso wake siku atakayojua. Ada ya mtoto ni sababu nzuri na kupapenda huko juu si dhambi, tena mimi mwenye kizunguzungu nimesoma habari za jua lako la asubuhi nikakuonea wivu. Lakini sababu nzuri husemwa mezani, mbele ya mtu.

Rudi kwako binti. Soma tena barua yako mahali pa beseni. "Inachakaza kitambaa bila kukichafua." Nani kasema maneno hayo? Mshonaji. Mshonaji anajua goti la mkulima, goti la mwombaji na goti la mtoto wa kutambaa, kila moja linavyochakaza nguo. Akaona maua yake yamesuguliwa na kitu safi, akauliza swali lake kwa sauti, akaanika nguo, akanyamaza. Sasa anasema milima haihami, anataka jengo. Mimi si mpiga ramli, na huenda nimekosea kabisa. Ila mwanamke anayechagua viatu vya soli laini kila jioni mbele yenu, huenda anampa mumewe nafasi ya kusema, na mumewe anajibu kwa kukohoa.

Hili ndilo la kufanya. Mwambie baba yako aje nyumbani kabla ya tiketi kukatwa, na asije mikono mitupu. Aje na ile mikanda yake ya kazini, yote, na vishikizo vyake, aiweke juu ya meza ya cherehani. Asimwambie mama yako "usiogope". Aliyewahi kumwona baba yake amelala vile haambiwi hivyo. Amwambie ukweli, kwa kifupi, amekaa chini, kisha amwache aishike. Mama yako haamini maneno, anaamini mshono. Mwache aupitishe kila mshono kidoleni, augeuze, auvute, aulize uzi gani huu, nani aliushona, unabadilishwa lini. Pengine atalia. Pengine atakasirika siku kadhaa na chakula kitakuwa na chumvi nyingi, mle, mnyamaze. Ana haki ya hasira yake yote. Ana haki pia ya kusema, "Shuka," na kama atalisema hilo, ni mazungumzo ya wawili hao, wewe na Redio mtakuwa nje mnaruka kamba.

Ratiba yako sasa. Ni nzuri, lakini umeipanga kichwa chini. Umetanguliza jiji. Geuza, milima ije kwanza. Watu wanaotoka kwenye mazungumzo kama hayo wanahitaji msitu, na kutembea bila kuongea, na maji yanayopiga kelele kuliko wao. Pale korongoni mama yako akae mbali na ukingo kadiri atakavyo, akitaka kuyatazama maporomoko kutoka kwenye dirisha la nyumba ya wageni, ni sawa, usimvute mkono, na Redio asimwite mwoga. Baba yako asiegemee uzio wa ukingoni, hata kama kwake urefu ule ni kama wa stuli. Mwacheni mama yenu akae na kitu kirefu ambacho hakijamchukua mtu wake, kwa muda wake mwenyewe. Huenda siku ya kwanza akakaa mbali, na ya pili akasogea. Huenda asisogee.

Halafu jiji, mwishoni. Na katika siku za jiji, moja iache tupu. Usiandike kitu. Chora mstari, mpe baba yako kalamu, umwambie, "Hii ijaze wewe na mama." Wakiandika bustani, mtaenda bustani, na hutanuna, nimekwisha kukuonya. Wakiandika jengo, baba yako apande kazini siku hiyo, nawe mpeleke mama yako pale kwa muuza maji, mnunulie chupa moja, simama pembeni yake. Usimwambie, "Mama, tazama juu." Macho ya mtu aliyemshikia baba yake kikombe hayainuliwi na mwingine.

Akiyainua, usimwonyeshe baba kwa kidole. Mwache ayatafute mwenyewe maua yake.

Shangazi